Wasifu wa Zipporah Lyle

Jumatatu, 4 Septemba 1972

Leo Marekani nzima imepumzika kwa heshima ya wafanyakazi, na Kaunti ya Tarpley imeiadhimisha siku hiyo kwa kumkabidhi kipaza sauti mtu aliyemuua katibu wa chama cha wafanyakazi. Jaji Harlan Stroud, mzungu anayegombea tena, alisimama juu ya tela la pamba, mikono ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko, akasema kwamba anawapenda watu weusi wa kaunti hii kama damu yake. Watu weusi wa kaunti hii, sahani za mbavu za nguruwe mikononi, walimpigia makofi. Wanamwandalia kura za Novemba.

Babu yangu, Ansel Simms, alikuwa katibu huyo. Mwaka 1935 wachumaji wa pamba waligoma wakidai dola moja kwa kila ratili mia, na Stroud, wakati huo kijana wa miaka ishirini na miwili aliyevaa beji ya askari wa sherifu, alimpiga risasi. Hii si siri. Wauza duka wanaijua, waimba kwaya wanaijua, wachimba makaburi wanaijua. Kinachokosekana katika kaunti hii si ukweli, ni mdomo.

Nimerudi kutoka chuoni kwa muhula mmoja, na rasmi mimi ni msaidizi wa utafiti. Naandika hapa, mahali ambapo sihitaji adabu, kwamba nimekuja kulipiza kisasi.

Alhamisi, 7 Septemba

Profesa Lucius Fairley, ninayemsaidia, ana umri wa miaka sitini na moja, na nusu ya umri huo ameitumia kuandika kitabu kimoja. Hoja yake ni nzuri kiasi cha kunitia hasira, kwa kuwa inatoka kwa mtu mpole mno. Anasema mgomo ule ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa kweli katika kaunti hii: watu walionyimwa sanduku la kura walipiga kura kwa kuweka magunia yao chini, na kura zikahesabiwa kwa bunduki. Kwa hiyo, anasema, historia ya kazi, historia ya rangi na historia ya demokrasia Marekani ni kamba moja yenye nyuzi tatu. Ukivuta mmoja, yote inakaza.

Lakini katika sura ya tisa, pale jina la muuaji linapotakiwa kukaa, ameandika “askari mmoja.” Nilimuuliza kama huyo askari hakubatizwa. Akanijibu kwamba wanasheria wa mchapishaji hawatalipitisha jina hilo mpaka aliyeona kwa macho aseme hadharani, na aliyeona amebaki mmoja tu.

Jumamosi, 9 Septemba

Mvua. Mashine za kuchuma zimekwama kwenye tope.

Jumatano, 13 Septemba

Aliyebaki ni Bibi Zipporah Lyle, miaka sabini na tisa, ambaye babu alijificha katika kibanda chake cha pamba. Tulimkuta barazani akimenya kunde, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Miguu imevimba kama mikate. Moyo, daktari anasema.

Profesa aliweka kinasa sauti mezani kwa heshima ya mtu anayeweka maua kaburini. Bibi akakifunika kwa kitambaa cha sahani.

“Fairley, mwanangu, umezeeka ukija hapa na hilo sanduku,” alisema. “Kunywa chai.”

Mimi sikuja kunywa chai. Nilimwambia kwamba damu ya babu yangu ililowesha uwanja wake, kwamba kunyamaza ni kushirikiana na muuaji, kwamba vizazi vitatuhukumu. Nilizungumza vizuri, hata mimi nilijisikia. Alipoona nimemaliza, aliniuliza kama chuoni tunafundishwa kumenya kunde au tunafundishwa kuzungumzia tu. Nikamenya. Mkwe wake na mjukuu wake walicheka jikoni mpaka wakakohoa.

Mjukuu huyo, Purvis, ni dereva wa magari ya kutengeneza barabara za kaunti. Kazi hiyo alipewa na Stroud. Kofia yake ina jina la Stroud.

Jumapili, 17 Septemba

Mvua tena. Picha za Stroud zimegongomelewa kwenye misonobari yote kutoka mjini hadi kanisani. Maji yamemlegeza mashavu, lakini bado anatabasamu.

Jumapili, 1 Oktoba

Leo lazima niandike kirefu.

Bibi Zipporah aliniita peke yangu baada ya ibada. Nilikwenda mbio, nikidhani hotuba yangu hatimaye imemwingia. Kumbe alitaka nimwandikie wasifu wake wa maziko, kwa sababu, alisema, Purvis ana mwandiko wa kuku na mchungaji huongeza chumvi. Hapa wazee wote hufanya hivyo: huchagua nyimbo zao, wabeba jeneza wao, hata gauni. Nilimeza hasira nikaandika. Alizaliwa mwaka 1893. Aliokoka akiwa na miaka kumi na miwili, akabatizwa kwenye kijito cha Sawyer, maji yakiwa baridi. Alijiunga na kwaya ya pili mwaka 1931. Achari yake ya matango ilipata zawadi ya kwanza mara mbili, na mara ya tatu aliibiwa ushindi. Hilo la kuibiwa alisisitiza.

Kisha, kwa sauti ile ile ya achari, aliendelea:

“Andika. Mwezi Septemba mwaka 1935, mchana kweupe, kando ya kisima chake, alimwona Harlan Stroud akimpiga risasi Ansel Simms, ambaye alikuwa amepiga magoti. Aliyaosha mawe ya kisima kwa mikono yake mwenyewe. Hakusahau, wala hakusamehe. Mstari mpya. Ameacha watoto wawili, wajukuu saba.”

Niliandika. Kisha nilimsihi ayaseme hayo sasa, wiki hii, kabla ya uchaguzi, mbele ya waandishi wa magazeti. Alitikisa kichwa.

“Nikisema ningali hai, wakili wake atanikalisha kitini aniulize jua lilikuwa upande gani, nilivaa miwani gani, nilikunywa nini. Akimaliza nami, nitakuwa bibi kizee mwongo. Maiti haihojiwi, Arletha. Na tangu uzaliwe, umewahi kumsikia mtu akimbishia marehemu kwenye maziko yake?”

Sijawahi. Hakuna aliyewahi.

Kisha akanipa masharti. Kwa desturi yetu wasifu huchapishwa kwenye ratiba na watu huusoma kimoyomoyo, kinanda kikilia taratibu. Wake usichapishwe, usomwe kwa sauti, na niusome mimi. Na Harlan Stroud awekwe kwenye ratiba, kama wakubwa wa kizungu wanavyowekwa siku zote, aseme neno kwa dakika mbili. Baada ya wasifu, si kabla.

“Miaka thelathini na saba nimemwandalia kiti,” alisema. “Nataka akikalie.”

Nimerudi nyumbani. Nilimdhania mwoga. Mimi nilitaka kumchoma Stroud kwa kiberiti. Yeye alikuwa akikausha kuni.

Jumanne, 3 Oktoba

Nilimweleza Profesa. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu, akasema tutangoja. Kungoja ndiyo dini yake. Nilimwambia uchaguzi haungoji. Akasema vitabu hungoja. Nilitoka bila kuaga.

Jumapili, 15 Oktoba

Stroud alimtembelea Bibi Zipporah leo, na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, limefungwa kwa utepe. Nilikuwapo. Alipanda barazani akiwa amevua kofia, akamwita “Shangazi Zippy,” na akauliza hali ya miguu. Huu ndio undugu wao: hutuita shangazi na wajomba ili wasituite bibi na bwana.

Bibi alimshukuru kwa nyama. Akamuuliza mkewe anaendeleaje. Stroud, akiondoka, alinipa mkono, akasema uso wangu anaufahamu.

“Bila shaka,” nilimjibu. “Mimi ni Simms.”

Mkono wake haukutetereka hata kidogo. Alisema Wasimms ni watu wachapakazi. Nimeusugua mkono wangu kwa sabuni ya kufulia, na bado nauhisi wake.

Alipokwenda, nilisema nyama ile itupiwe mbwa. Purvis akauliza mbwa wa nani, kwa kuwa yeye ana watoto watatu. Nikamwita mtumwa mwenye kofia. Alinitazama kwa utulivu.

“Msomi,” alisema, “wewe muhula ukiisha unapanda basi. Sisi muhula wetu hauishi.”

Jumanne, 24 Oktoba

Jua limerudi. Mashine zinachuma mchana kutwa, na nyuzi nyeupe zimetapakaa kando ya barabara kama mto uliopasuka.

Nilikwenda kumkanda Bibi miguu. Uvimbe umepanda hadi magotini. Daktari alimwambia mkwe wake kwamba ni wiki chache. Labda tatu, labda nane. Nikiwa nimeishika miguu ile nilijikuta napiga hesabu: akifa ndani ya wiki moja, maziko yataangukia kabla ya kura. Nilibonyeza nyama ya mguu wake kwa kidole, nikaangalia shimo linavyochelewa kujaa, na nilifurahi kwamba linachelewa.

Naliandika jambo hili bila kulipamba. Siku hizi, nikipiga magoti, namwombea afe.

Jumatatu, 30 Oktoba

Bado yu hai. Amekula vizuri.

Jumapili, 5 Novemba

Bibi aliwafukuza watu wote chumbani tukabaki wawili.

“Unanitazama,” alisema, “kama mtu anayesubiri basi.”

Sikukana. Nililia, na ajabu ni kwamba hakunifariji wala hakunikaripia. Alisema anaijua njaa hiyo. Siku moja, mwaka ule wa 1935, alisaga vipande vya chupa akaviweka kwenye unga wa mkate wa mahindi, kwa sababu Stroud na wenzake walizoea kupita na kujilisha jikoni kwake. Hawakupita. Mkate ulikaa mezani, na mwanawe wa kwanza akarudi kutoka shamba akiwa na njaa. Alimpokonya ukiwa mdomoni.

“Kisasi kikikosa mgeni hula wenye nyumba,” alisema. “Ndiyo maana nikajifunza kungoja mgeni akae kwanza.”

Kisha aliomba chai.

Jumanne, 7 Novemba

Bibi Zipporah amepiga kura. Purvis alimbeba mikononi kutoka kwenye gari hadi ndani ya shule, kama bwana harusi, huku akiwa na ile kofia kichwani, na foleni nzima ikafunguka kuwapisha. Nilimuuliza Bibi alimpigia nani. Akasema kura ni siri, na ya kwake imechelewa vya kutosha kuwa na heshima.

Stroud ameshinda. Kituo chetu, chenye watu weusi watupu, kimempa zaidi ya nusu.

Jumatano, 8 Novemba

Siwaelewi watu wangu. Hapana, nasema uongo: nawaelewa, na hilo ndilo linaloniunguza. Aliwapa barabara ya lami. Alimpa Mchungaji Tate bati jipya la kanisa. Mwaka 1935 watu hawa hawa, wakiwa hawana hata viatu, waliweka magunia chini. Leo wana viatu na karatasi ya kura, na wamemchagua. Nilimtupia Profesa swali hilo kama jiwe: iko wapi demokrasia yake yenye nyuzi tatu?

Alijibu kwamba mwaka 1935 watu walijua Ansel Simms yuko upande wao, na sasa hawajui nani yuko upande wao, kwa kuwa wasomi kama yeye na mimi tumeandika “askari mmoja.” Alisema “kama yeye” kwanza. Nililiona hilo.

Jumapili, 19 Novemba

Baridi kali ya kwanza. Mashamba yamebaki mashina matupu.

Jumatatu, 27 Novemba

Zipporah Lyle amefariki saa tatu asubuhi, akiwa amekaa, wakati mkwe wake anamchana nywele.

Nilidhani nitashangilia. Nilichukua beseni lake la maji ya chumvi, nikaenda kulimwaga nyuma ya nyumba.

Jumanne, 28 Novemba

Pigo. Mchungaji Tate anasema Jaji hahudhurii maziko siku hizi. Uchaguzi umekwisha, na wiki hii anakwenda kuwinda kulungu. Atatuma maua. Maua! Kiti kile cha miaka thelathini na saba kitakaliwa na shada la maua.

Mchungaji pia hataki wasifu usomwe kwa sauti. Si desturi, anasema, na ibada itarefuka. Nilikuwa nimefungua mdomo kumrarua, lakini Purvis akanitangulia.

“Mchungaji, bibi yangu alisema utasomwa,” alisema kwa sauti ya chini. “Kama kanisani hauwezi kusomwa, tutamzikia uwanjani, na utasomewa kando ya kisima.”

Mchungaji pia amezaliwa hapa; kisima hicho anakijua. Akaandika kwenye ratiba: Wasifu, Arletha Simms, kwa sauti.

Tulipotoka nilimuuliza Purvis kama anajua kilichoandikwa. Alisema amekijua tangu Oktoba, kwa kuwa ukuta wa chumba cha bibi yake ni mbao nyembamba. Nilimkumbusha kazi yake. Alisema nisimkumbushe.

Jumatano, 29 Novemba

Profesa Fairley alivaa suti yake ya kijivu akaenda mahakamani, nami nikamfuata nikabaki mlangoni mwa ofisi. Alisimama mbele ya meza ya Stroud, kofia mkononi, mgongo umepinda. Mtu huyu aliyesomea vyuo viwili vikuu alisema “ndiyo bwana” mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia. Alisema marehemu mwenyewe alimchagua Jaji kwa jina lake. Alisema watu wetu wangefarijika. Alisema ni mzungu mmoja tu aliyepewa heshima hiyo.

Stroud alilegea kama siagi. Aliuliza kama kweli Shangazi Zippy alimtaja. Profesa akainamisha kichwa.

“Hadi mwisho, bwana. Hakukusahau.”

Nje, kwenye ngazi, Profesa aliunyoosha mgongo wake taratibu, akavaa kofia yake, akaishusha hadi machoni. Nilidhani ni aibu. Nilipomtazama usoni sikuona aibu hata chembe. Mzee huyu pia alikuwa na njaa. Nimekaa naye muhula mzima bila kuigundua, kwa kuwa yangu ilikuwa na kelele.

Jumamosi, 2 Desemba

Kanisa lilijaa hadi ukutani. Stroud aliketi kiti cha mbele, kushoto, suti nyeusi, uso umetungwa kwa huzuni inayofaa. Purvis alimwongoza mwenyewe hadi kitini. Hakuvaa kofia.

Kwaya ya pili iliimba. Kisha jina langu likaitwa.

Nilisoma kama alivyonifundisha: kwa sauti ya achari. Alizaliwa. Aliokoka. Maji yalikuwa baridi. Watu wakatabasamu. Mara ya tatu aliibiwa ushindi. Watu wakacheka, na Stroud akacheka pamoja nao. Nilisubiri amalize kucheka.

“Mwezi Septemba mwaka 1935, mchana kweupe, kando ya kisima chake, alimwona Harlan Stroud akimpiga risasi Ansel Simms, ambaye alikuwa amepiga magoti.”

Kinanda kilinyamaza chenyewe. Nikasoma kuhusu mawe. Nikasoma kwamba hakusahau, wala hakusamehe. Nikasoma watoto wawili na wajukuu saba, nikakunja karatasi, nikaketi. Kiti cha tatu, Profesa Fairley alikuwa ameishika kalamu juu ya goti lake, hajaandika neno, anangoja.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilikuwa nimeota kelele kwa miezi mitatu. Badala yake Mchungaji Tate alisimama, bati jipya la Jaji juu ya kichwa chake, akaishika ratiba kwa mikono miwili, na akasoma kilichofuata kama kilivyoandikwa: “Sasa tutasikia neno kutoka kwa Jaji Harlan Stroud. Dakika mbili.”

Angeweza kutoka. Lakini njia ya kati ilikuwa imejaa watu waliosimama, na hakuna aliyesogea. Aliinuka. Alishika ukingo wa jeneza, akauachia upesi kama uliomchoma. Akafungua mdomo na sauti haikuja.

Katika kanisa letu, msemaji akikwama, watu humtia moyo. Ni upole tulionao kwa watoto wanaosahau mistari ya Pasaka. Mama mmoja nyuma akaanza, kwa upole ule ule: “Taratibu, Jaji.” Mwingine akaitikia: “Tunakusikiliza.” Kisha kwaya, kisha wanaume wa ukutani, wale wale waliompigia makofi akiwa juu ya tela la pamba, bila hasira, sauti moja baada ya nyingine: taratibu, Jaji, chukua muda wako, sema.

“Alikuwa,” alisema Stroud. Jasho lilimtiririka hadi kwenye kola. “Alikuwa mpishi mzuri.”

Hakukana. Kalamu ya Profesa ilianza kwenda.

Stroud alipinda magoti ili akae. Mchungaji Tate aliinua mkono, akatazama saa yake, na akazungumza kwa adabu aliyokuwa amempa mtu yule maisha yake yote.

“Jaji, bado una dakika moja na nusu.”

Aliimaliza akiwa amesimama.